Leso, tanga au simu: pesa ya tangazo moja uiweke wapi hapa Amu

Kusi ikianza kulegea na watu wakaanza kuhesabu siku za kaskazi, mimi hupata swali lile lile kutoka kwa wenye biashara. Mwaka huu aliyeliuliza ni dada mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, vyumba vinne na paa la makuti juu. "Nina pesa ya tangazo moja tu," alinambia. "Nikikosea, msimu umenipita." Mkononi alikuwa na bei tatu: ya kijana mwenye droni na wafuasi wengi mtandaoni, ya nahodha wa Shela aliyekubali tanga lake lichorwe, na ya jamaa yake wa Mombasa awezaye kumpatia leso kutoka kiwandani.

Kazi yangu ni kuchora na kuandika matangazo hapa mjini, na yote matatu nimewahi kuyafanya. Mengine yalishika, mengine yalianguka, na sababu za kuanguka nazikumbuka vizuri zaidi kuliko za kushika. Nimeona niyaweke sambamba, pamoja na kampeni kubwa za hapa nchini na za ng'ambo, ili nawe mwenye duka, mashua au jiko uchague ukijua wanunua nini.

Swali la kwanza si bei

Kila mteja anayekuja kwangu namuuliza hivi: mtu akishaliona tangazo lako, atakwenda kumwambia nini mwenzake barazani? Amu ni mji wa vichochoro. Habari hutembea kwa miguu, kutoka gatini hadi Mkunguni, kutoka Mkunguni hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kabla ya adhuhuri imeshafika Langoni. Tangazo lisiloweza kusemwa kwa mdomo hubaki pale pale lilipobandikwa.

Machi 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa, ahadi yake ilikuwa moja: tuma pesa nyumbani. Haikueleza mitambo. Wazee waliokuwa na watoto wanaofanya kazi Mombasa na Nairobi walikuwa wamezoea kungoja bahasha mkononi mwa kondakta wa basi au jamaa anayesafiri, na roho juu mpaka ifike. Tangazo lilitaja jambo ambalo familia ilikuwa ikilizungumza tayari, na ushahidi wake ulikuja papo hapo, ujumbe ukaingia simu ya mtumaji na ya mpokeaji. Mzee akitoka kwa wakala na noti zake, alikuwa na kisa kizima cha kusimulia.

Sasa mtazame mshindani wake wa miaka hiyo. Ilianza kama Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Majina manne katika miaka kumi. Agosti 2010, ikiitwa Zain, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na kila mtu alilisikia. Mwaka haujesha, jina likabadilika tena. Watu walikuwa na habari nzuri ya kupashana, lakini jina la kuitaja halikupata muda wa kukaa mdomoni. Mwenye duka anayebadilisha ubao wake kila Idi na alifikirie hilo.

Leso

Hapa nitakaa zaidi, maana naamini leso ndiyo mwalimu bora wa matangazo tuliye naye, na wengi wetu tunaifunga kiunoni bila kuisoma hivyo.

Chukua yoyote iliyomo nyumbani, itandaze kitandani. Pande zote nne kuna pindo. Katikati kuna mji. Chini ya mji, ndani ya kisanduku chembamba, kuna jina, yaani yale maneno. Sasa inama, usogeze macho kwenye ukingo kabisa. Kama ni ile inayotafutwa na wanawake wengi wa pwani hii, utakuta maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887. Angalia nafasi zilivyogawanywa. Maneno ya mvaaji yamewekwa mahali pa kuonekana na jirani, shemeji na mke mwenza. Jina la mwenye mali limekaa ukingoni, dogo, na bado mnunuzi hugeuza pindo kulitafuta kabla ya kutoa pesa.

Mama mmoja anayeuza viungo Langoni aliwahi kunipa kazi ya leso ya duka lake. Ya kwanza tuliichora kama tulivyozoea kuchora bango: picha ya pakiti ya pilipili manga mjini, nambari ya simu kwenye pindo, na jina lake "Viungo safi, bei nafuu, karibuni nyote". Tukagawa bure siku za kukaribia Idi. Baada ya wiki chache nikaanza kuziona. Moja imefunika ndoo ya maji. Nyingine imetandikwa chini ya samaki wa kukaushwa. Ya tatu niliikuta mgongoni mwa punda, chini ya sogi, imelowa jasho. Sikuona hata moja juu ya mabega ya mwanamke anayekwenda mahali.

Tulikaa dukani kuzungumza kilichotokea, na bibi mmoja aliyekuwa akingoja iliki yake ipimwe akatuingilia. "Mwanangu," akanambia, "leso haimwiti mtu dukani. Leso humjibu mtu." Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijapata funzo lililonifaa kuliko hilo. Mwanamke huinunua kwa sababu ana neno lililomkaa kooni na leso imemsaidia kulitoa. Ile yetu ilikuwa na neno la mwenye duka, na yeye hakuwa na sababu ya kulibeba.

Ya pili iliandikwa "Harufu imetangulia, mwenyewe yu njiani". Bi harusi aweza kuivaa. Mke wa baharia aweza kuivaa. Mwanamke aliyesemwa kwamba ameachwa aweza kuivaa na akapita nayo mlango kwa mlango. Mjini tukachora vikonyo vya karafuu, pindo likawa la rangi ya manjano ya bizari, na jina la duka likaandikwa ukingoni kwa herufi ndogo. Safari hii hatukugawa, tuliuza, kwa bei ya kurudisha gharama. Watu wakaanza kuja kuuliza "leso ya harufu", wengine wametoka Faza, na walipofika walinunua na mdalasini. Leo duka lile watoto hulitaja kwa jina hilo: nenda dukani kwa harufu.

Coca-Cola ilifika kwenye siri hii kwa njia nyingine. Mwaka 2011 huko Australia ilitoa jina lake kubwa kwenye chupa na kuweka majina ya watu, 150 kwa kuanzia, kisha kampeni ikaenea nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Mtu alitafuta chupa yake, akamtafutia na rafikiye, akapiga picha. Kijana mmoja wa sharubati hapa Amu akaniomba tufanye mfano wa hilo kwa majina ya mitaa. Tukachapa vibandiko vya Mkomani, Langoni, Gadeni na Kashmir, tukasahau Wiyoni. Siku ya pili tu vijana wa Wiyoni walikuja kuuliza kama wao si watu wa Amu. Mwenye sharubati aliomba radhi, vibandiko vya Wiyoni vikachapwa vingi kuliko vya wote, na wiki ile ndiyo aliyouza zaidi. Lakini ilikuwa karibu iharibike. Ukianza kutaja watu kwa majina, hesabu watu wote kwanza.

Leso ina ubaya wake na sitaki kuuficha. Kiwanda hakikuchapii leso kumi, kwa hiyo pesa yote hutoka mara moja kabla hujaona faida. Huchukua miezi, na ukitaka ziwahi arusi za kabla ya Ramadhani lazima uagize mapema sana. Pia maneno ya leso ni kisu. Mteja mmoja alitaka ya kumchoma mpinzani wake wa biashara na nilikataa, maana mji huu ni mdogo na wake zao walikuwa wakikutana kwenye maulidi ile ile. Usiweke aya wala jina tukufu juu ya kitambaa kitakachokaliwa na kufungwa kiunoni. Na mgeni wa kutoka Ulaya hatakielewa, ataona ua tu.

Tanga

Tanga hupendwa na wateja kwa sababu ya ukubwa. Ukisimama pwani jioni, mashua zikirudi kutoka Manda, hakuna ukuta mjini unaoshindana na kitambaa kile kikijaa upepo. Na kuta za mji wenyewe, mimi nasema ziacheni. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mgeni amekuja kuona chokaa na mawe. Tangazo lililopakwa ukutani, hata ukilipata kibali, linaharibu kile kile unachotaka kukiuza.

Kwa hiyo tanga ni uwanja mzuri, ila wachoraji tunalikosea kwa kulichora likiwa limelala mchangani. Pale laonekana bapa kama karatasi. Likipandishwa kwenye foromali, ule mti unaolibeba, na upepo ukiingia, tumbo lake latoka nje, maandishi ya kati yavimba na yale ya karibu na foromali yajificha kwenye mikunjo. Niliwahi kumwandikia nahodha mmoja nambari ya simu yenye tarakimu kumi, safi kabisa, rangi nyekundu. Nilipokwenda kusimama ukutani pwani kuisoma, nilipata tarakimu tano. Na hata ningezipata zote, nani hutembea pwani jioni akiwa na kalamu?

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitarajii. Nguo ya tanga, hii marekani iliyobaki na jina la nchi ilikotoka tangu karne ya 19, jua likiwa nyuma yake hupitisha mwanga, na maandishi huonekana kutoka upande wa pili yakiwa kinyume. Kijana mmoja alitaka tanga lake liandikwe AMU tu, kwa herufi kubwa. Herufi zenyewe ni nzuri kwa kazi hiyo, kila moja haibadiliki ukiigeuza. Lakini mpangilio wageuka: aliye upande wa pili atasoma UMA. Hatukuandika.

Baada ya hapo matanga yote ninayochora hubeba kitu kimoja chenye jina fupi na kinachofanana pande zote mbili. Yule nahodha wa tarakimu kumi tulimfutia nambari tukamwekea samaki mwekundu, mkubwa, katikati ya tumbo la tanga. Watalii na Wakenya waliotoka bara walianza kufika gatini wakiuliza mashua ya samaki mwekundu. Nambari ya simu ipo, imeandikwa ubavuni mwa mashua ambapo mtu huisoma akiwa ameshafika.

Gharama ya tanga ni ndogo ukilinganisha na leso: rangi, siku mbili za kazi, na kodi ya nahodha kama mashua si yako. Umri wake ni kaskazi moja, maana chumvi na jua havisamehi. Faida yake ni kwa biashara ya hapa hapa, inayoonekana kutoka hapa hapa. Mgeni anayeona tanga ameshafika Amu, ameshalala mahali. Ukimtangazia chumba wakati huo, umechelewa. Mtangazie safari ya kesho, chakula cha usiku, nazi za Kipungani.

Simu

Kijana wa droni ni fundi, sina shaka. Aliwahi kumpigia picha mwenye nyumba mmoja wa Shela, video ya dakika moja na nusu: mchanga, mawimbi, paa za makuti kutoka juu, jua likizama. Ilipendwa na maelfu ya watu. Tulipokaa kusoma maoni yaliyoandikwa chini yake, tulikuta watu wakisifu uzuri wa Zanzibar. Hakuna mahali video ile ilipotaja Lamu, na picha ya juu ya fukwe nyeupe yaweza kuwa ya popote. Mwenye nyumba alikuwa amelipia kuwatangazia jirani zetu.

Kilichomletea wageni baadaye kilipigwa kwa simu ya kawaida na mpishi wake. Alianzia uwanja wa ndege wa Manda, akaonyesha ngazi za kushukia kwenye boti, ng'ambo fupi ya maji, gati, mtu wa kubeba mizigo, kichochoro cha kwanza kulia, mlango wa kuchonga, kisha sufuria ya wali wa nazi ikifunuliwa. Chini ya dakika moja. Mtu asiyewahi kufika hapa ana hofu moja kubwa ambayo haiandiki kwenye maswali yake: nitafikaje, nani atanipokea, na je, nitapotea? Video ile ilimshika mkono. Na waliokwisha kufika Amu waliituma kwa jamaa zao wakisema, "Ona, ni rahisi hivi."

Kuhusu hofu nina la kusema. Baada ya utekaji nyara wa 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, nchi za nje zilipoonya raia wao na hapa kukawekwa amri ya kutotoka usiku, wafanyabiashara wengi walijibu kwa matangazo ya kusema Lamu ni salama. Niliyaelewa. Watu walikuwa wamefunga milango, mabaharia wameuza injini. Lakini anayesoma neno "salama" likirudiwa mara tatu huanza kujiuliza kuna nini. Usalama huonyeshwa: watoto wa madrasa wakitoka chuoni, mzee akicheza bao, mgeni akinunua kaimati peke yake jioni. Hayo hayahitaji maandishi.

Maandishi yenyewe ukiyaandika, sema kweli hata inayokupunguzia. Mwaka 1959 Marekani ilikuwa ikipenda magari makubwa, na Volkswagen ikatoa tangazo lenye gari dogo sana kwenye ukurasa mweupe mtupu, likimwambia msomaji afikirie udogo. Walioliandika, kampuni ya Doyle Dane Bernbach ya New York, waliuchukua udogo huo wakaufanya ndio sababu ya kununua. Dada wa Mkomani ana vyumba visivyo na kiyoyozi na alikuwa akiona haya kulisema. Nimemwandikia: "Hatuna kiyoyozi. Tuna kuta nene za mawe, dari refu la boriti na upepo wa bahari. Punda watakuamsha kabla ya jua." Atakayekasirishwa na punda hatakuja, na hiyo ni nafuu kwa wote wawili, maana mgeni aliyedanganywa huandika maoni mabaya yasomwayo miaka.

Sasa hatari ya simu. Picha ya mtu si mali yako kwa sababu tu amepita mbele ya kamera. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka idhini kabla ya kutumia picha ya mtu kwa biashara, na Septemba 2023 Kamishna wa Data alilitoza jumba moja la starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Hapa kwetu kuna zaidi ya faini. Mwanamke aliyevaa buibui lake akapigwa picha akinunua samaki, kisha akajiona kwenye tangazo la hoteli, amevunjiwa heshima, na nyumba nzima itakukumbuka kwa hilo. Omba idhini kwa maandishi, na kama mtu amesita, shusha simu.

Ofa, bahati nasibu na mshtuko

Haya nayapita upesi kwa sababu kwa biashara ndogo sioni usalama wake.

Ofa ya bure huua haraka. Mwaka 1992 Hoover ya Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda Marekani kwa anayenunua bidhaa zake za pauni 100. Watu wakanunua mashine wasizozihitaji ili wapate tiketi, na kampuni ikapoteza karibu pauni milioni 50. Mwaka huo huo Ufilipino, Pepsi ilitangaza nambari 349 kuwa ya mshindi wa peso milioni moja, kumbe nambari hiyo ilikuwa imechapwa kwenye vizibo mamia ya maelfu. Ghasia zikazuka na watu wakafa. Ukisema "wa kwanza kumi kula bure", fikiria wa kumi na moja aliyetembea kutoka Wiyoni juani. Bahati nasibu yahitaji kibali cha serikali, na wateja wengi wa hapa huiona kamari, kwa hiyo wawapoteza kabla ya kuanza.

Mshtuko nao hupata masikio lakini haupati mlango. Machi 2013 hapa Kenya tangazo la televisheni lililowahimiza wenye ndoa na wapenzi wa nje kutumia kondomu liliondolewa hewani baada ya viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, kulalamika. Ukimwi ulikuwa ugonjwa wa kweli na ujumbe ulihitajika, nasema hivyo bila kusita. Ila lilipelekwa kwenye chumba ambacho bibi, baba mkwe na watoto wanatazama taarifa ya habari pamoja, na kila mtu akaangalia chini. Maneno yale yale, kwenye mlango wa zahanati au mdomoni mwa muuguzi, yangepata msikilizaji aliye peke yake. Chumba kilikosewa, na hilo laweza kumpata hata mwenye ujumbe wa haki.

Uchague lipi

Mjue kwanza mteja wako yuko wapi siku anayoamua. Wa kwako akiwa ni mwanamke wa hapa visiwani, anayenunua mara kwa mara kwa miaka, weka pesa kwenye leso na uwe na subira, lakini kaa na mabibi wawili watatu kabla ya kuandika jina lake na uwaache walipinge. Kama unauza safari, chakula au chochote cha leo na kesho kwa mtu aliyekwisha kushuka gatini, chora tanga, kitu kimoja, rangi moja. Mteja aliye Nairobi au ng'ambo, anayeamua akiwa kitandani na simu, mfuate kwenye simu. Wengi wenye nyumba za wageni wako hapo.

Pesa ikigawanyika sehemu mbili, usinunue nusu ya leso na nusu ya droni. Afadhali jambo moja dogo lililokamilika. Na lolote utakalochagua, weka daftari mlangoni. Kila mgeni anapofika muulize alisikia wapi habari zenu, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "niliona samaki mwekundu", umepata. Akisema "niliona tangazo lenu mahali fulani", bado hujapata. Daftari la msimu mmoja litakufunza zaidi ya hesabu ya waliobonyeza moyo kwenye video, kwa sababu hao hawakulala kwako.

Dada wa Mkomani amechagua simu, bila droni. Nahodha wa Shela hakuchukia, tumemshauri mashua yake ndiyo impokee mgeni Manda ndani ya video, naye atapata wateja wake hapo. Tumekubaliana isipite dakika moja, ataongoza mwenyewe kwa sauti yake, na jina la Lamu litajwe ndani ya sekunde tano za mwanzo. Tutapiga Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, ili boti ifike hadi kwenye ngazi za gati na mgeni aone kwamba hatalowa viatu.